Siku Ile Sikuwa Naigiza

Jumatatu, 3 Novemba

Asubuhi nimejikuta nimesimama mlangoni na jembe begani, sijui naenda shamba au ndiyo natoka. Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi Sostenes nikaligusa jembe kwa kidole: kavu. Basi naenda. Nikaenda. Akili ya namna hiyo hawafundishi shule, na mimi shule sikwenda. Nilipata kisomo cha watu wazima tu, na humo nilikuwa wa kwanza katika watu mia. Mke wangu, Mama Wilbard, anasema tulikuwa kumi na mmoja na watatu walikuwa wanasinzia. Huyo ana wivu.

Naandika kwa sababu hilo la jembe si la kwanza. Sitaki mtu ajue. Hapana, nataka ajue, ila aamini. Hapo ndipo pagumu, maana hapa kijijini mimi ndiye wa kuchekesha watu. Nikisema nimekula, wanauliza nimekula uongo gani.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua ya kwanza. Imepiga bati kama watu wanamwaga mtama. Mbuzi jike amezaa mlangoni kwa jiko, kadume keusi kana doa jeupe shingoni. Tumekaita Padri.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekwenda Runzewe kwa miguu, na kwa umri wangu vijana wote niliwapita. (Wawili walikuwa wamekaa.) Nimefika dukani kwa Hozefa, nikasimama mbele yake, kichwani peupe kabisa. Nilitumwa nini?

"Shikamoo mzee Sostenes."

"Marahaba. Nipe nilichotumwa."

"Umetumwa nini, mzee?"

"Kama wewe ni mfanyabiashara kweli, utajua."

Akacheka, mkewe Mehjabin akacheka huko ndani, wakanipa chumvi na sabuni ya mche kama siku zote. Nikarudi nayo. Kumbe nilitumwa mafuta ya taa na betri. Mama Wilbard akaipokea chumvi akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwita jirani kabisa: "Njoo uone, mzee kanifanyia tena!" Chumvi sasa tunayo ya kumkausha tembo.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo mvua ya kwanza! Imepiga bati kama watu wanamwaga mtama. Mbuzi jike amezaa kadume keusi, kana doa jeupe shingoni. Nafikiri tumwite Padri.

Jumapili, 9 Novemba

Nimesoma hapo juu. Nikaenda zizini kutazama. Padri yuko mmoja.

Jumanne, 18 Novemba

Nimemwambia. Alikuwa anapepeta mahindi ya mbegu uani.

"Mama Wilbard, kichwa changu kinavuja."

"Bati nalo linavuja. Anza na bati."

"Sitanii. Nasahau vitu."

"Umesahau nini?"

Sasa hapo, bwana, sikukumbuka nilichosahau. Akacheka huyo, ungo ukamponyoka, kuku wakala mbegu. Nilikasirika. Miaka yote nimetaka anicheke na alikuwa ananinunia. Leo nataka aninunie, anacheka.

Alhamisi, 27 Novemba

Mabula amepita. Huyu ni Msukuma wa Kishapu, alihamia huku na ng'ombe zake tukiwa wote vijana. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu kwa mababu, kwa hiyo hatuna maneno mazuri.

"Mwangaluka," akaniamkia kwa Kisukuma, "we Msumbwa. Bado hujafa?"

"Nangoja wewe utangulie, ukanifagilie."

"Mimi sifi. Mimi nakuja kuzikwa na wewe? Utachekesha watu mpaka wanisahau kaburini."

"Nitavaa koti lako na kutembea kama wewe, magoti huku na huku kama ng'ombe mwenye mimba."

Basi tukacheka. Kisha nikamwambia taratibu kwamba nimeanza kusahau. Akanitazama sana, nikadhani huyu ameelewa. Kumbe alikuwa anatafuta la kusema. "Nenda hospitali Kolandoto," akasema, "wakakufungue kichwa. Wakikuta kitu humo, wanipigie simu nije nione."

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua kubwa. Hakuna kazi.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimepanda karanga upande wa kisima. Mistari imenyooka, hata bwana shamba angeomba kupiga picha. Nimemaliza, Mama Wilbard amekuja, akachimbua kwa kidole, akatoa karanga. Akachimbua tena palepale, akatoa nyingine imeshaanza kuota mzizi. Nilishapanda hapo juma lililopita. Mstari juu ya mstari, hakuna nilipokosea hata kidogo.

"Zitatoka pacha," akasema, akacheka. Lakini safari hii alicheka kwa sauti kubwa kwanza, halafu ndipo akageuka kutazama njiani kama kuna mtu anapita. Sikuelewa.

Jumatano, 10 Desemba

Nimekwenda hospitali ya misheni ya huku kwetu, peke yangu. Mama Wilbard nimemdanganya nakwenda kuona ng'ombe wa mtu. Daktari ni mama mmoja anaitwa Rosemary, sauti yake ya chini kama anaungamisha.

Akasema, "Mzee wangu, nitakupa maneno matano, baadaye nitakuuliza." Akataja ndizi, kiti, mto, kofia, kengele. Unampa Sostenes maneno? Nikayatengenezea hadithi palepale: ndizi ilikalia kiti cha mwenyekiti, ikavaa kofia, ikavuka mto, kengele ikalia ikadhani inaitwa kanisani. Aliponiuliza nikampa yote matano na mahubiri juu yake. Tarehe nikaichungulia kwenye kalenda nyuma ya mgongo wake. Akanichorisha saa, nikachora, na mkanda wake.

"Umefaulu, mzee."

"Nilijua."

Hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Lakini hukuja hapa kufaulu. Ulikuja kuniambia umebadilika. Ubongo unaweza kuanza kubadilika kabla kipimo changu hakijaona kitu, na wa kwanza kuona ni mwenyewe. Sikuambii ni ugonjwa. Wengine wanahisi hivyo na haiendelei zaidi ya hapo. Inaweza kuwa presha, inaweza kuwa usingizi, inaweza kuwa umri tu, kama goti. Tutapima damu, na picha ya kichwa baadaye ikibidi, huko Mwanza. Ila nakuhitaji uje na mtu anayeishi na wewe. Anieleze yale usiyoyaona."

"Mke wangu atacheka."

"Mlete hivyohivyo."

Nikatoka nimejaa sifa mpaka getini. Hapo nikasimama. Sikujua nilikuja kwa basi au kwa bodaboda, na kama ni bodaboda, kijana wake ni yupi kati ya wale wote wananiita babu. Nikawaambia, "Aliyenileta ndiye atakayenirudisha, mwingine simtaki." Akajitokeza mmoja anacheka. Sijui kama ndiye.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Wilbard kapiga simu kutoka Geita, wako kwenye duara jipya, shimo la kuchimbia, anasema dhahabu ipo ila ina aibu. Nikamwambia mimi enzi zangu Nyarugusu niliibua jiwe la dhahabu kama kichwa cha beberu. "Baba, mwaka jana lilikuwa kama kichwa cha ng'ombe," akasema. Mama Wilbard akanyakua simu akaanza kucheka naye. Sikumwambia kuhusu daktari.

Jumatano, 14 Januari

Mabula amekufa. Alikuwa anafungua ng'ombe asubuhi, akakaa chini, basi. Ng'ombe walikwenda malishoni wenyewe.



Jumamosi, 17 Januari

Hili lazima niliandike lote, sasa, kabla halijaniponyoka.

Jana tumemzika. Mtani kazi yake msibani inajulikana: watu wamechoka kulia, wewe unawanyanyua. Nilianza vizuri. Nilikataa jeneza lisitoke mpaka nipewe jogoo. Nilishuka kaburini nikajilaza, nikasema ni fupi, Mabula atakaa magoti nje kama alivyozoea. Mpaka katekista alitazama pembeni kuficha kicheko. Halafu nikamwomba shemeji yangu Mama Aneth, mjane wa Mabula, koti la marehemu. Nikalivaa, nikatembea kama yeye, magoti huku na huku, nikawa nafokea ng'ombe kwa Kisukuma. Watu waliangua kicheko na machozi yanawatoka. Nilikuwa nafanya kazi nzuri kuliko yote niliyowahi kufanya, na hapo siongezi chumvi.

Katikati ya kutembea huko, kitu kikakatika kichwani.

Nieleze vipi. Nilikuwa nimesimama juani, watu wengi wamenitazama, na nimevaa koti lisilo langu. Nikalijua koti: la Mabula. Nikafikiri, mbona ninalo mimi? Mawingu yale yakinyesha ataloa. Nikatazama huku na huku simwoni. Nikamwona Mama Aneth amekaa chini, nikaona huyo atajua.

"Shemeji," nikamwambia, "Mabula yuko wapi? Mwite achukue koti lake, mvua inakuja."

Watu, bwana. Sijasikia kicheko kama kile. Wanaume walishikana. Mama Aneth alianguka kifudifudi, anacheka, analia, anapiga ardhi.

"Mwite basi!" nikasema, maana nilianza kukasirika. "Mnacheka nini? Mabula! We Mabula!"

Nikazunguka nyuma ya watu kumtafuta. Kila nilipoita wakazidi. Nikamtafuta Mama Wilbard kwa macho anisaidie, nikamwona amesimama mbele ya wanawake wote, anacheka kuliko wote, anapiga makofi, anawatazama wenzake usoni mmoja mmoja huku anacheka.

Ndipo nikauona msalaba umeegemezwa kwenye udongo, na nikausoma. Kisomo kile kile. M, A, B.

Nilifiwa mara ya pili hapohapo, na watu wananishangilia.

Jumapili, 18 Januari

Baada ya misa watu wananipa mkono. Eti haijatokea mtani kama mimi tangu nchi iumbwe. Mtu mmoja amesema amenirekodi kwenye simu. Zamani ningemwomba anionyeshe mara saba.

Jumatano, 21 Januari

Mvua. Sijaongea na Mama Wilbard.

Alhamisi, 22 Januari

Sijaongea naye. Au niliongea asubuhi. Uji nimekunywa, kwa hiyo kuna kitu kilisemwa.

Alhamisi, 12 Februari

Tulikuwa tunachuma majani ya kunde, ya kukausha yawe nsansa, mboga ya kiangazi. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Nikashindwa kukaa na lile la msibani.

"Mama Wilbard, wewe ni mtu mbaya."

"Leo nimefanya nini?"

"Siku ya Mabula sikuwa naigiza. Nilimsahau. Nilimtafuta kweli, na wewe ukanipigia makofi."

Nilingoja acheke. Akaendelea kuchuma. Akajaza kiganja, akaweka kwenye kapu, akachuma tena.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua hukuwa unaigiza. Nimejua kabla yako. Tangu wakati wa kuvuna pamba mwaka jana. Ulinikuta njiani na wanawake wenzangu, ukaniamkia shikamoo, ukaniuliza nyumbani kwangu ni wapi."

Hilo silijui. Naliandika kama alivyolisema.

"Nikacheka," akasema. "Na wenzangu wakacheka. Nikaona kumbe inafaa. Nikicheka mimi kwanza, ni utani wa mzee Sostenes. Siku nisipocheka watauliza, mzee yule mjanja kapatwa na nini? Na wakishauliza kapatwa na nini, wanauliza nani kamfanya. Sasa nitazame mimi, Baba Wilbard. Nitazame vizuri."

Nikamtazama. Mwanamke mzee, mwembamba, macho mekundu kwa moshi wa jikoni.

"Wanamtafuta nani huku kwetu, mume akiharibika akili?"

Tunawajua waliotafutwa. Yule bibi wa upande wa mtoni walimwita mchawi, na hata mwili wake hatukuuzika mzima.

Mimi nimeandika humu kwamba ana wivu. Nimeandika kwamba ni mtu mbaya. Kumbe kila kicheko kile alikuwa anafunga mlango, na mimi niko ndani namgombeza kwa nini anafunga.

"Ndiyo maana siendi na wewe hospitali," akasema. Kumbe na hilo alilijua, ule uongo wa ng'ombe wa mtu hakuuamini hata dakika. "Nikipanda basi na wewe watauliza mzee anaumwa nini."

"Utacheka mpaka lini?"

"Mpaka nichoke." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nimechoka."

Ijumaa, 13 Februari

Nimefikiri kutwa. Nimepata wazo. Nimelisahau.

Jumamosi, 14 Februari

Mama Wilbard amenirudishia wazo, kumbe nilimwambia jana. Lilikuwa hili: tuseme wenyewe, mbele ya watu wote, kabla wao hawajajisemea. Siku ya kumaliza msiba wa Mabula wote watakuwepo, na mtani lazima apewe nafasi aongee.

"Watakucheka," akasema.

"Wewe usicheke tu."

"Na nisipocheka wakanigeukia?"

"Nitakuwa nimesimama."

"Umesimama unakumbuka, au umesimama na jembe begani?"

Huyu mwanamke. Kumbe na la jembe aliliona.

Jumamosi, 7 Machi

Leo tumemaliza msiba. Naandika Mama Wilbard amekaa hapa ubavuni, nikikwama namuuliza.

Watu walijaa uani kwa Mabula. Waligawa nguo zake, wakala, kisha wakaanza: "Mtani! Mtani!" Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo walishaanza kucheka.

Nikasema, "Nasahau."

Wakacheka.

"Siku ile sikuwa naigiza. Nilisahau kama Mabula amekufa. Nilimtafuta kweli."

Wakacheka zaidi, mmoja akapiga mluzi. Nikaona wanamtazama Mama Wilbard, kama siku zote, kujua wacheke kiasi gani. Alikuwa amekaa na wanawake, mikono mapajani, midomo imefungwa. Hakucheka. Kicheko kikaanza kufa, kwanza kwa wanawake walio karibu naye, halafu kwa wanaume, wa mwisho wale vijana wa nyuma waliokuwa hawajui wenzao wameacha.

Kisha Ndaki, jirani yetu wa upande wa barabara, akauliza kwa sauti ya kuvuta, "Mzee mzima namna hii… nani kamfanya hivyo?"

Nikaona vichwa vinageuka. Vinageuka kwa wanawake.

Hapo, niseme kweli, sikujua nitasema nini. Mdomo ndio ulijua.

"Niulize mimi, Ndaki, mtani ni mimi. Goti langu hili nani kalifanya? Meno yangu nani kayafanya? Na wewe macho yako nani kayafanya, mbona siku hizi unashika simu huko mbali kama inanuka?"

Wakaangua kicheko, safari hii kwa Ndaki, naye akaingiza simu mfukoni.

"Nimekwenda kwa daktari. Ameniambia ubongo nao ni nyama, unazeeka, una magonjwa yake. Hajajua bado ni nini. Mtu wa kwanza kuniona nimebadilika ni mke wangu, na ndiye amenificha nisiaibike muda wote huu. Nikija kwako nikakuuliza jina lako, nitajie. Nikikuuliza mara ya pili, nitajie tena. Anayetaka kujua nani kanifanya, aje anikamate mimi, maana kichwa ni changu."

Hakuna aliyecheka. Nikaogopa. Ndipo Mama Aneth akanyanyuka kwenye mkeka wake, na nguo zake za msiba.

"Shemeji. Siku ile ulimtafuta kweli?"

"Kweli, shemeji. Nilimwita."

"Nilikusikia." "Mimi nilikuwa nimeshamwacha aende. Kila mtu pale alikuwa amemwacha. Kumbe alikuwepo mmoja bado anamtafuta." Akaja akakaa chini, palepale alipo Mama Wilbard, bega kwa bega, mbele ya watu wote. "Wabeja, shemeji," akanishukuru kwa Kisukuma. Akamtazama Ndaki mpaka Ndaki akainuka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Jumatano, 11 Machi

Tumepanda basi sote wawili, mchana kweupe. Walituuliza mnakwenda wapi. Mama Wilbard akawajibu, "Hospitali, kichwa cha mzee." Wakasema poleni.

Daktari Rosemary akanisalimia, kisha akamgeukia yeye: "Mama, nieleze. Ilianza vipi?"

Mama Wilbard akajikohoza, akaanza. Ya shikamoo njiani nilishayasikia. Lakini akaendelea. Eti nilikwenda kwenye harusi Ushirombo nikampa bibi harusi pole ya msiba. Eti nilimfungia ng'ombe wa jirani zizini kwetu, nikamlisha kwa mapenzi makubwa, nikamkatalia mwenyewe. Eti kuna jioni nilivaa suti nikakaa kitandani nangoja lori la kunipeleka Nyarugusu, na yeye akavaa akakaa nami mpaka usingizi ukanichukua. Moja baada ya jingine, kwa mpangilio, na sauti akaibadilisha kila anapoongea mtu mwingine. Daktari aliandika mpaka akasahau kuandika, akawa anasikiliza tu.

Nilicheka mimi peke yangu, pale pa bibi harusi.

Yule mzee wa kwenye hadithi simjui. Kuna mahali nilitaka kumkatiza nimwambie daktari huyu mama anaongeza chumvi, usimwandike yote. Nikafungua mdomo. Halafu nikaona sina namna ya kujua. Nikaufunga, nikasogeza kiti karibu nisikie vizuri inaendaje.